Kwa Kiprono, Uliyenificha Mwisho

Kiprono,

Nimekukasirikia. Ni wiki ya nne tangu tukuzike kule Kuresoi, na bado kila nikifungua ofisi yetu hapa Nakuru natamani kukugombeza kabla sijakulilia.

Jana nilitoa toleo jipya la mchezo wetu wa simu, peke yangu kwa mara ya kwanza. Maelezo ya mabadiliko, yale wachezaji wanayosoma kabla ya kupakua, yalinichukua siku nzima, na ni mistari minne tu. Unakumbuka nilivyoandika yale ya kwanza? "Tumerekebisha mbwa anayekwama kwenye kaburi la nyanya." Ulirukia kompyuta kama mtu anayezima moto. "Wanjiku! Umeua shosho ya watu na line moja! Kuna mtu hajafika chapter five!" Ukafuta, ukaandika: "Tumerekebisha mbwa anayekwama." Basi. Nilicheka, lakini nilikuheshimu. Ulimjali mtu usiyemjua, labda mama fulani wa kule Bahati anayecheza kidogo kidogo akimaliza kukamua ng'ombe, ili kifo cha yule nyanya, bibi wa kwenye mchezo, akikute mwenyewe.

Na mimi je?

Miezi mitano ulikuwa ukienda hospitali. Nilipokuuliza mbona unakonda, ulijibu, "Niko poa, ni marekebisho madogo tu." Siku uliyosema uko Kikopey mnakula nyama choma na binamu zako, kumbe ulikuwa umelazwa. Nikakuandikia uniletee mbavu. Mbavu, Kiprono! Ukasoma hayo ukiwa kitandani, ukanijibu, "Sawa, boss."

Halafu Jumanne asubuhi, nikiwa nanunua mandazi, simu ikalia. Binamu yako alikuwa ameniongeza kwenye kundi. Jina la kundi: "Mazishi ya Kiprono." Hivyo ndivyo nilivyojua. Mandazi niliyaacha palepale.

Nilimtukana binamu yako moyoni, lakini yeye alidhani najua. Kila mtu alidhani najua, maana nilikuwa nakaa nawe kutwa. Wewe peke yako ndiye uliyeamua nisijue. Nani alikuambia mimi ni mchezaji wako, wa kufichiwa mwisho? Hadithi hii ningetaka uniharibie mapema, tena yote, nije nikae kando ya kitanda chako nikugombeze ukiwa unanisikia.

Mchezo nitautunza. Hakuna atakayesikia kutoka kwangu nani anakufa. Lakini siku nitakapougua mimi, nitawaita watu wangu mapema, hata nikiona haya, na nitawaambia daktari amesema nini.

Kwaheri, ndugu yangu. Neno hilo nilitaka nikuambie uso kwa uso.

Wanjiku