Mkono wa Gloire na Mbuzi wa Daktari

Kadutu, Bukavu
Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Christine,

Pokea salamu zetu wewe, shemeji Stanislas na watoto wote hapo Lubumbashi. Je, kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia? Nasikia vumbi la huko halina huruma. Na Destin ameanza mwaka wa shule vizuri, au bado anaumwa tumbo kila siku yenye somo la hesabu? Mwambie mjomba wake anajua ugonjwa huo, aliwahi kuugua.

Sisi huku tunapumua. Mvua imerudi, mtaa wetu ni utelezi mtupu, na ukuta wa jirani umeshuka hadi mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Wifi yako Bijou ni mzima na anakusalimu sana. Mimi siumwi popote, ila situlii. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi ndani bila kukumbuka nilichokifuata nje. Kuna mlango wa mteja ninaouranda tangu wiki iliyopita, na Bijou amesema nikiendelea hivyo tutaweza kuuza maranda na kumpa mteja bawaba.

Ujumbe wako niliupata. Umeniuliza kwa nini tumeuza mkono wa mtoto kwa mbuzi. Niliusoma nikakasirika, nikausoma tena nikakasirika zaidi, kisha nikaona kwamba mtu akisikia habari hii kwa mbali ndivyo atakavyoielewa. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe ni shangazi wa Gloire, na ndiwe uliyemfundisha kusuka angali mdogo, akijifunzia kwa nywele za mahindi. Huko kwenye simu mimi nafoka na wewe unalia, na salio linaisha kabla hatujaelewana. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna padri wa parokia yetu anayesafiri kuja kwenu Jumanne, atakukabidhi barua hii mwenyewe.

Hili la kwanza unalijua. Mwaka jana mvua zilipokolea, Gloire alikuwa anarudi kutoka saluni alikokuwa akifanyia kazi mtaani Nguba, pikipiki ikateleza, akavunjika mkono wa kulia chini ya kiwiko. Watu wakamkimbiza kwenye kliniki iliyokuwa karibu, ile ya Daktari Delphin, mtoto wa Maman Colette tunayesali naye. Tukashukuru Mungu kwamba ameangukia kwa watu tunaofahamiana. Wakamfunga plasta ngumu, wakamlaza.

Usilolijua ni hili. Plasta ilikuwa imebana. Vidole vikavimba, vikawa baridi, vikabadilika rangi, na mtoto akalia kwamba mkono unawaka moto ndani. Daktari alikuwa ameondoka kwenda Minova kwenye harusi. Kila tulipomwita muuguzi, alitazama vidole na kutujibu, "C'est normal, papa, ni kawaida. Docteur akirudia, ataangalia." Pale kwake hakuna anayethubutu kugusa plasta aliyoifunga daktari mwenyewe, huo ndio utaratibu wa nyumba. Basi tukangojeshwa hadi harusi ya watu ikaisha. Alipokuja kuipasua, vidole vya Gloire vilikuwa vimejikunja kama miguu ya kuku aliyechinjwa, na hadi leo havijakunjuka.

Sasa huyo mbuzi. Delphin hakuja kwetu mwenyewe. Alimtuma mama yake na kaka zake, na mbuzi, na madumu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Walisema wamekuja kumwona mgonjwa. Neno la kosa halikutajwa, wala neno la msamaha. Kaka yetu Firmin ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye aliyewapokea, na wewe unamjua Firmin: ukimletea mbuzi haulizi anatoka wapi, anauliza kisu kiko wapi. Maman Colette akaonja pombe, akampa Firmin kibuyu, naye akanywa. Angefanya nini? Zawadi ya mgonjwa hairudishwi mlangoni. Lakini huku kwetu Bushi unajua pia kwamba aliyekukosea akinywa kwanza kisha akakupa kibuyu, nawe ukanywa, maneno yamezikwa. Firmin alikunywa kwa adabu. Wao, sijui.

Sikuyafikiria hayo siku hiyo. Niliyafikiria mahakamani.

Tulienda huko kwa sababu moja tu, na naomba uwaeleze wote wanaotusema. Daktari wa mifupa wa hospitali nyingine alimpima Gloire, akasema anaweza kumpasua na kuilegeza mishipa iliyojikaza ili vidole vifunguke, ila sharti iwe kabla ya mwaka huu kuisha. Baada ya hapo vitakauka hivyo hivyo. Upasuaji huo uko juu ya uwezo wangu hata nikirandia milango ya Bukavu nzima. Tulitaka fidia ya kumrudishia mtoto vidole vya kushika kitana. Hatukuomba nyumba wala gari.

Wakili wetu, Maître Adélaïde, ni binti mdogo kwa umbo, lakini akisimama unamsikia hadi barabarani. Siku ya kusikilizwa, wakili wa kliniki akainuka na kusema jambo hili lilishamalizwa kwa mila, familia ilishatulizwa. Akamwelezea mbuzi yule mbele ya hakimu hadi rangi yake. Christine, ndipo nikakikumbuka kile kibuyu. Firmin akasimama bila kuulizwa, akapiga kelele, "Mimi nilikula mbuzi, sikukula mukono ya mutoto!" Ukumbi mzima ukacheka, na hakimu akamwambia akirudia atatolewa nje.

Wakili yule akaona mambo yanamwendea vizuri. Akamgeukia Gloire mwenyewe akamuuliza kama na yeye alikula ile nyama, ndiyo au hapana.

Gloire akasema, "Ndiyo, nilikula. Maman njo mwenye alinilisha, sababu mukono yangu haikukuwa inashika kitu."

Hakimu aliacha kuandika. Bijou alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nilitazama sakafu, maana ningemtazama mtu yeyote wakati ule ningelia kama mtoto.

Tulishinda. Hakimu alisema mbuzi wa kumwona mgonjwa si msamaha, na Gloire ni mtu mzima, hakuna wa kusamehe kwa niaba yake. Fidia ikaamriwa, na gharama ya upasuaji ndani yake. Tuliimba njia nzima hadi Kadutu, hata watu wakadhani tunatoka kuposa. Furaha hiyo haikulala nyumbani kwetu mara nyingi. Kliniki ikakata rufaa, na Maître Adélaïde akatueleza bila kutupaka asali: rufaa isipokwisha, hakuna faranga inayotembea, na anao wateja wenye hukumu zenye mihuri yote ambao hawajaona kitu. Kwa hiyo tulikuwa washindi, na mkono uko vile vile. Watu wananiambia subira huvuta heri. Wanaosema hivyo wana mikono miwili.

Wiki nyingi nimekuwa mtu mbaya, nakiri. Nimemgombeza Bijou kwa chumvi, nimegombana na mteja, nimekwenda kwa Maître mara nyingi mpaka anaponiona anaanza kutikisa kichwa nikiwa bado mlangoni. Nilikuwa namtazama Gloire akijaribu kunyoosha kidole kimoja kwa mkono mwingine, kila asubuhi, taratibu, na naondoka nyumbani kabla hajamaliza.

Basi Firmin, bila kumshauri mtu, akanunua mbuzi. Akamkokota kwa miguu hadi Nguba, akamfunga kwenye lango la kliniki, akamwambia mlinzi, "Tumerudisha," akaondoka zake. Mlinzi akacheka. Mbuzi akala maua ya daktari yote, na waliokuja kuona wagonjwa wakampiga picha. Nilipopata habari nilitamani ardhi inimeze, nikasema kaka yangu amekwisha, kesi yetu imekuwa mchezo wa kuchekesha.

Lakini Maman Colette hakucheka. Kwa mila yetu, mbuzi aliyeliwa akirudishwa, nyumba hizo mbili hazisalimiani tena, haziozani, na siku ya msiba hazifikiani. Mahakama haikumtoa Delphin kitini, barua za Maître hazikumtoa. Mbuzi wa Firmin alimtoa. Mama yake alimleta kwetu, mzee wa watu na magoti yake mabaya, akishuka kwenye tope letu huku ameshika mkono wa mtoto wake kama anayempeleka kubatizwa. Kabla hajakaa alisema, "Mbuzi ikirudishwa, hatutazikana tena. Mi siwezi kufa hivyo."

Delphin alikaa kwenye kigoda nilichokuwa sijakimaliza. Kwa mara ya kwanza akasema kwa mdomo wake kwamba aliondoka bila kumpa mtu ruhusa ya kuifungua plasta, na kwamba kosa ni lake. Akasema atamlipa daktari wa mifupa moja kwa moja, upasuaji ufanyike sasa, nasi tuiache kesi, tunywe pombe pamoja, yaishe. Nilimchukia na nilitaka kumshika mkono, yote kwa wakati mmoja. Sijui kama jambo hilo lina jina.

Firmin akakataa, anataka hukumu yote kama ilivyoandikwa. Bijou akataka tukubali kabla mtu hajabadili nia. Mimi nilikuwa nakubali nikimtazama Bijou, nakataa nikimtazama Firmin. Maître Adélaïde, tuliyekuwa tumemwita, akasema sheria inaruhusu tupatane, ila iandikwe. Tukabishana mpaka sauti zikapanda. Na hakuna hata mmoja wetu, Christine, aliyekuwa amemuuliza Gloire. Alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, mkono wake ndani ya kitenge.

Akasema, "Niko naitika. Alipe operation. Lakini ile pombe tutaikunywa siku mukono yangu, hii ya kuume, itashika kibuyu yenyewe. Ikishindwa kushika, hakuna mwenye atakunywa, na kesi itaendelea."

Delphin akautazama ule mkono, akaanza kueleza kwamba hakuna daktari anayeweza kuahidi matokeo. Mama yake akampiga kiwiko. "Itika," akamwambia, naye akakubali. Maître akaandika hivyo hivyo: yeye analipa upasuaji na mazoezi ya baadaye, rufaa inasimamishwa, na kesi haifungwi mpaka Gloire apokee kibuyu kwa mkono wake wa kulia. Maître alisema hajawahi kuandika mapatano ya namna hiyo, na alikuwa anatabasamu.

Sasa unaelewa kwa nini situlii. Atapasuliwa Alhamisi. Daktari wa mifupa amesema vidole huenda vikafunguka vya kutosha kushika kikombe, huenda na kitana, kusuka hajui. Huenda visifunguke. Maman Colette ameshafukia ndizi za pombe shimoni, nimeziona nilipopita kwao, na tangu hapo nazunguka njia nyingine. Naogopa. Naogopa atazinduka akautazama mkono kabla sijafika kumshika ule mwingine. Nimekuwa baba miaka yote hii na sijui nitasema nini siku hiyo.

Usipande ndege, nauli ni kubwa na huku utatuongezea machozi tu. Alhamisi asubuhi washa mshumaa, umwombe Mungu aelekeze kisu cha daktari. Na wanaosema tumeuza mkono wasomee barua hii kwa sauti, tena polepole, wapate kuona haya.

Firmin anakusalimu. Anasema mbuzi wake bado yuko kwa Daktari, analelewa vizuri kuliko yeye, na amekuwa mnene. Bijou anakutumia kikapu cha matunda ya maracuja kupitia kwa padri, usimwachie Stanislas peke yake. Wasalimie Destin na wadogo zake, na majirani wote wa nyumbani walioko huko. Mungu awafunike, na mikono yenu yote ibaki na kazi ya kufanya.

Gloire anataka kuongeza neno lake hapo chini. Amenikataza kulisoma, na nitajitahidi.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata anapofoka,

Zagabe

*

Tantine, ni miye Gloire. Samahani kwa mwandiko, ni wa mukono wa kushoto. Papa anawaza ninataka ile pombe. Sina hamu nayo. Nilitaka tu na wao bangoje, kila siku baangalie vidole vyangu bila kujua vitakuwa namna gani, kama vile niliangalia mimi mu ile plasta.