Wembe wa Baba Niliouchemsha

S.L.P. 31,
Ruiri,
Meru.
17 Novemba 1996

Mpendwa kaka Mutwiri,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Francistown, wewe na shemeji Phyllis, na kwamba lile joto mlilolalamikia limepungua. Sisi tunalala na kuamka, ndilo jibu nililo nalo. Mke wangu Kathambi na watoto hawajambo. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mvua imenyesha siku nne tu tangu mwezi uanze, kwa hivyo mahindi ya shamba la chini tumeshayaaga.

Uliniuliza kuhusu Baba, ukataka ukweli na si "anaendelea vizuri." Haya. Baba anaisha. Amekonda hadi saa yake inapanda mpaka kwenye kiwiko, na koo limejaa vidonda, hata uji anaumeza akiwa amefumba macho. Hapa sokoni wameshampima bila sindano. Wanasema ana ukimwi. Nimekuwa nikiwajibu kwa hasira, lakini usinisifu bado.

Unamjua Baba na ndevu. Miaka ishirini na sita amenyoa watu pale Kinoru, na sikuwahi kumwona akienda kanisani na kidevu kichafu. Alipofunga kibanda mwaka jana, akisema mikono inatetemeka, alianza kujinyoa mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, naye alijikata kila Jumamosi. Mwezi wa tisa nguvu zikamwishia kabisa. Nilimwita kinyozi wa hapa Ruiri aje nyumbani, akaniambia wembe wake una kazi nyingi wiki hiyo. Wiki iliyofuata ulikuwa bado una kazi nyingi. Mama akataka kujaribu, Baba akamkatalia kwa ukali ambao sikuuelewa. Akaacha kwenda kanisani. Mwishowe akaniita, akanikabidhi ule wembe wake wa kukunja wenye mpini wa pembe ya ng'ombe, akasema nijifunze.

Kaka, nilidhani kunyoa ni kukwaruza tu. Nilinoa wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kugusa povu. Mkanda wa ngozi tuliupigilia kwenye mwimo wa mlango. Wembe unaupitisha juu yake mgongo ukitangulia, makali yakifuata. Siku ya kwanza nilitanguliza makali, nikaukata mkanda kama nyama ya kuchemsha, na Baba akacheka hadi akapaliwa. Kisha nikapaka povu la sabuni kwenye sufuria kuukuu, nikalinyoa. "Ukisikia wembe unalia, hapo umekata mtu," aliniambia. Baadaye nikapewa ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Nilipotaka kujaribu kwenye mguu wangu mwenyewe, alininyang'anya wembe. Alinifundisha kulainisha ndevu kwa kitambaa cha maji moto, kuvuta ngozi kwa kidole, kuulaza wembe hadi karibu uguse shavu, na kufuata nywele zinakoelekea. Zilikuwa siku nzuri. Baba alikuwa na kazi tena.

Halafu nikafanya upumbavu wangu. Muuguzi mmoja alikuja kutuhutubia hapa sokoni, akasema nyembe zichemshwe dakika ishirini. Nilirudi nyumbani nikiwaza zile damu za Baba za kila Jumamosi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumnyoa mara ya kwanza. Sikumwambia mtu. Niliutia wembe kwenye maji yanayotokota, mpini na vyote. Pembe ikajikunja kama ganda la ndizi, na kufikia asubuhi makali yalikuwa yameota kutu.

Nilimpelekea Baba nikijifanya sijui kitu. Aliugeuza mara moja tu.

"Uliogopa wembe, ama uliniogopa mimi?"

Nikasema wembe. Akageukia ukutani. Nilidanganya, kaka, na yeye alijua. Nilikuwa nimemwogopa baba yangu mzazi, huku nikiwatukana watu wa soko kwa kusema lile nililoliwaza mwenyewe.

Wiki tatu hakunisemesha. Ndevu zikamfunika, nikawa namwona kama mzee wa boma jingine. Nilimpelekea fundi Munyi ule wembe kule mjini, akautilia mpini wa mti, nami nikakaa nao na jiwe la kunolea jioni baada ya jioni mpaka kutu ikatoka. Nilijikata kidole gumba hapo.

Jana Baba akaniita. Alikaa kwenye kiti, akainua kidevu, akafumba macho. Shavu la kulia likaenda vizuri, wembe haukulia. Nikafika chini ya taya, nikamkata. Tone dogo tu. Na kwa sababu ya ile aibu, nikitaka aone kwamba siogopi tena, niliweka kidole gumba juu ya damu, kile kile chenye kidonda.

Baba asiyeweza kushika kikombe alinikamata mkono, akautumbukiza kwenye karai. "Osha hiyo mkono! Osha na sabuni!" Mama akaja mbio, Baba akamfukuza. Nilipomaliza kuosha alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia.

"Daktari aliniambia mwaka jana, mwezi wa tano," akasema. "Mikono haikuwa inatetemeka. Nilifunga kibanda nisije nikawadhuru watu. Na hizo wiki tatu sikuwa nimekasirika na wewe, nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia."

Nilifunga mkono kwa mfuko wa plastiki, nikamalizia shavu la kushoto. Leo ameingia kanisani akiwa msafi. Hakuna aliyekaa naye kwenye benchi isipokuwa mimi na Mama.

Sasa nakuja kwenye lile linaloninyima usingizi. Baba amenitaka niape kwamba Mama hataambiwa mpaka yeye azikwe. Anasema ataondoka na heshima yake hiyo moja. Sikuapa, wala sikukataa. Miaka thelathini na minne wamelala kitanda kimoja, Mutwiri. Nikinyamaza namkosea Mama, nikisema namuua Baba kabla ya siku yake. Wewe ndiye mkubwa. Shule unakofundisha ikifungwa Desemba njoo, hata kama ni kwa kuuza kitu, tumkalishe Baba chini sisi wawili. Peke yangu sitaweza.

Dada yetu Karimi anakusalimu kutoka Embu, na mumewe Ireri. Watoto wangu wanamsalimu mama mkubwa Phyllis. Mungu awalinde huko ugenini, na akufungulie njia ya kuja.

Mama naye anakusalimu sana. Yuko hapa mlangoni anapepeta maharagwe, na ananiambia nikuandikie kwamba umeacha kumtumia picha. Ameniuliza pia kama huko mna dawa nzuri ya kikohozi. Anasema chake ni vumbi la maharagwe tu, lakini huu ni mwezi wa pili.

Ndugu yako akupendaye,
Mwirigi