Risasi Zilizokunywa Mafuta

Baba,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, kisha nikangoja kama mtu atakayeitikiwa. Naandika juu ya karatasi uliyokuwa ukifungia vyuma vyako vidogo. Wewe uliyenichapa vidole mpaka herufi zangu zikanyooka, nisamehe zilivyopinda leo.

Mama yumo edani. Amekaa chumba cha ndani na kaniki yake, hatoki, wala hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Ndiyo maana hatukuweza kutoka Dunda kukimbilia Miono kwa mjomba. Ndiyo maana kila hodi iliyopigwa tangu tukuzike niliiitikia mimi, nyuma ya mlango uliofungwa.

Na mwenye hodi alikuwa Bwana Khelef. Kila alasiri.

Siwezi kuacha kuiwaza ile bastola yake. Ndogo, inajificha kiganjani, na risasi zake ndogo kama kokwa za ubuyu. Uliwahi kuniambia kwamba bunduki ya safari ina adui wa mbali, lakini kitu kidogo kama kile kimetengenezwa kwa mtu unayemjua jina. Faida, mjakazi wake, ndiye aliyetuletea uitengeneze, imefungwa katika leso. Ulimpa kitumbua akakila amesimama, macho yake yakiwa njiani. Haukupita muda akatoroka, akaenda kulima shamba la mapadri, na Bwana Khelef akaanza kuihimiza kazi yake.

Ulimchelewesha. “Bastola imepona, Bwana, ila haina chakula. Risasi zake haziko hapa, haziko Pangani, haziko Unguja.” Ilikuwa kweli, na nilidhani ukweli huo ungetutosha. Kisha akaja na kopo la risasi za namna nyingine, zilizozidi kidogo ukingoni, akakuambia uzikate zienee.

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba risasi za aina ile hazipigwi katikati ya kitako. Baruti yake kali imefichwa ukingoni, na hapo ndipo nyundo inapoigusa. Ulilijua hilo, na bado ukaibana risasi kwenye jiriwa ukapeleka tupa palepale, ukidondosha maji, ukishusha pumzi polepole. Ulikuwa ukiogopa? Sikuwahi kukuona ukiogopa, kwa hiyo sikuitambua hofu yako. Nyingi zilikubali. Moja ikakataa, ikalipuka kiganjani mwako.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Mama aliosha kiganja chako akasema alhamdulillahi, kitapona. Kisha shingo ikakaza, taya zikafunga, na siku ile ya mwisho ulinitazama, ukanyoosha kidole kwenye kifuu cha nazi juu ya rafu. Ndani yake mlikuwa na risasi ulizokwisha kuzikata. Ulitaka nizifiche? Nimpe mwenyewe atuondokee? Nilikuuliza yote mawili, nawe ukabaki umenyoosha kidole.

Bwana Khelef hakupiga kelele hata siku moja. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi. “Binti fundi, hamjambo wafiwa? Marehemu alinimalizia kazi yangu. Sipendi kuvunja mlango wa mwanamke aliye edani.” Siku nyingine alicheka peke yake pale barazani, akaniambia kana kwamba anazungumzia mvua: “Mali yangu inalima kwa mapadri. Nikipita na bunduki watanizuia njiani. Hiki kidude kinakaa ndani ya mkono wa kanzu.”

Nilikwenda kukaa karakanani kwako nikashika tupa yako. Ndipo nikakumbuka siku uliyonipokonya kitambaa, nilipokuwa nakusaidia kusafisha. “Mafuta ni ya chuma, mwanangu. Risasi ikinywa mafuta imekufa.”

Nilizizamisha zote katika mafuta ya nazi. Asubuhi nikazitazama, jioni nikazitazama. Risasi iliyokufa haibadiliki sura, Baba. Hukuniambia zinakunywa kwa muda gani. Alipotishia kuja na watu wa kung'oa bawaba, nikazifuta moja moja, nikampa pamoja na bastola yake kwa upenyo wa mlango.

Hakuondoka. Alizijaza palepale barazani. Nikasikia vyuma vikigusana, kisha sauti yake: “Tuijaribu kazi ya fundi kwenye mlango wa fundi.” Nami nilikuwa nyuma ya mlango huo.

Tak.

Tak.

Akazungusha, akajaribu tena, mpaka zote zikagoma. Kisha akacheka kwa sauti, na majirani wakatoka. “Kumbe mzee wenu amekufa kwa kazi asiyoijua!”

Sasa Dunda nzima wanalisema neno lake. Waliokuachia bunduki zao wamekuja kuzichukua, na mmoja aliifungua yake mbele yangu aone kama hukuiharibu. Watoto wakipita hapa husema tak, tak. Wewe, ambaye misafara ilikungoja. Nilisimama nikasikiliza, na ulimi wangu nikaung'ata, kwa sababu neno moja la kukutetea lingemfikia Bwana Khelef.

Bi Mwatumu, anayewauzia mapadri mayai, alimpelekea Faida habari kwamba bwana wake anamwinda kwa bastola. Faida ameondoka na watu wa misheni, amekwenda bara, sijui wapi na sitaki kujua. Ameacha neno: “Mwambie binti fundi, kitumbua cha baba yake bado nakionja.” Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko.

Lakini Bwana Khelef ameagiza risasi za kweli kutoka Bombei. Kila chombo kikishusha mizigo, nahesabu siku za eda zilizobaki. Siku moja atakaa chini afikiri, atanusa vidole vyake, akumbuke harufu ya nazi.

Sitajua kamwe kidole chako kilitaka nini. Nimechagua mwenyewe, na nimelipia kwa jina lako, ambalo halikuwa langu kulitoa.

Pumzika, Baba. Eda ikiisha tutakwenda Miono, na tupa yako itakuwa ndani ya nguo zangu. Na nakuahidi hivi: siku mtu yule hatakuwa tena na mkono wa kutufikia, nitarudi Dunda, nisimame kwenye baraza yako mchana kweupe, niwaambie wote. Kazi ya baba yangu ilikuwa nzima. Risasi zile niliziua mimi.

Binti yako