Kozi Mbili za Upande wa Magharibi

Jumatatu, 5 Mei

Onesmo, katibu wa AMCOS, ushirika wetu wa pamba, kaja katikati ya somo la hesabu. Kasimama mlangoni, kavua kofia – nikajua si habari njema. Msimu unafunguliwa. Mzani unaletwa tarehe 19, na ghala ni la pamba, si la watoto. Hana kosa. Tumekaa humu bure tangu Januari. Watoto wangu themanini na watatu wa darasa la kwanza wamejifunza kusoma kwa maandishi ya ukutani: USICHANGANYE PAMBA NA MAJI. Mmoja wao, Ng'washi, anayasoma kwa sauti kama mnunuzi!

Ila tukitoka humu ni kurudi shule mama, kilomita saba na mto katikati. Mwaka jana walirudi watoto sitini. Waliofika Desemba ni kumi na tisa. Shikizi letu, darasa la hapa kijijini, lina msingi tu. Kuta zikifika lenta, usawa wa juu ya mlango, tutafunika turubai, watoto wabaki, na halmashauri wameahidi kupaua baadaye. Siku kumi na nne.

Jumatano, 7 Mei

Kikao cha wazazi. Matofali yapo, mikono hakuna. Kila mtu ana pamba ya kuchuma. Nimekasirika, na kwa hasira nimetenda dhambi. Nimemnong'oneza mzee Mayige, kiongozi wa ngoma ya Bagika, kwamba Bagalu wameapa kujenga darasa peke yao Jumamosi. Kisha nikapanda baiskeli hadi kwa mzee Malimi wa Bagalu, nikamwambia hivyo hivyo, nimegeuza majina tu. Hawa wanashindana kucheza tangu enzi za babu zao. Mayige na Malimi hawasemezani, hata msibani hutumiana mtu.

Mwalimu mzima, mwongo!

Jumamosi, 10 Mei

Wamekuja! Wote! Jua halijachomoza, ngoma zinalia pande mbili za kijiji. Bagika wamechukua ukuta wa mashariki, Bagalu wa magharibi. Akina mama wanapanda na ndoo za maji kutoka kisimani, wanaimba kuwasema wa upande wa pili – nyimbo nyingine siwezi kuziandika hapa. Fundi Athanasi anakimbia huku na huku, sauti imemkauka. Tumekula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Wananitania: mtu wa Nyashimo huko ziwani, mla samaki, leo utakula michembe mpaka ujue Kisukuma. Nimekula sana.

Jioni kila upande una kozi kumi na mbili, mistari kumi na miwili ya matofali. Sare! Wameondoka wanacheza. Nimelia kidogo, kwa furaha.

Jumatatu, 12 Mei

Sikujua kuwa kuna pima maji duniani. Athanasi kaiweka leo. Kiwanja kina mteremko, msingi wa magharibi uko chini. Ukuta wa Bagalu umepungua kozi mbili kufika lenta.

"Niliwaambia magharibi ziwe kumi na nne," kasema. "Nani angenisikia na zile ngoma?"

Basi Bagalu waongeze mbili, yaishe? Thubutu! Mayige kasema Bagalu wakifikisha kumi na nne, Bagika nao watafikisha. Malimi kasema kubaki kumi na mbili ni sawa, sare ni sare. Kubomoa hakuna anayetaka kusikia. Kwa mwendo huu tutajenga mnara. Athanasi kakunja kamba yake, kaenda nyumbani.

Alhamisi, 15 Mei

Wazee wameniita. Mayige kakaa huku, Malimi kule, mimi katikati.

"Mwangaluka, mayu," Mayige kanisalimia, yaani umeamkaje, mama. "Nani aliapa kujenga peke yake?"

Nikajua wametumiana mtu, wamelinganisha habari. Nimesema kweli yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Malimi ndiye aliyeanza kucheka, mpaka kofia ikaanguka. Kisha kaniambia: "Mwambie huyo mwenzangu, nina hukumu." Mayige yuko hatua tano, anasikia kila neno! Hukumu: mimi si Bagika, si Bagalu, ni mla samaki. Kwa hiyo kozi mbili nitaziweka mimi, kwa mikono yangu, tofali hamsini na sita. Mtu wa ngoma yoyote asiguse. Mayige kaniambia nimjibu huyo mwenzake kwamba hukumu ni ya haki.

Nimecheka njia nzima. Ila sijawahi kushika mwiko wa fundi.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka kanisani moja kwa moja kwenye boma. Mzani umefika mapema. Onesmo kauweka ghalani, ubao wetu upo nje ukutani. Kesho saa moja watoto watakuja na watauliza wakae wapi.

Kozi ya kwanza niliimaliza jana, Athanasi kanibomolea mara mbili. Leo mkono umevimba, vidole havishiki kalamu vizuri. Pande zote mbili zimekaa kivulini zinaniimba – wimbo mmoja! Wa samaki aliyejenga nyumba nchi kavu. Mzuri, kusema kweli.

Zimebaki tofali kumi na tisa. Nimekaa kupumzika, naandika kwa dakika mbili tu, udongo umeniishia.

Nimeinua kichwa. Mayige kashika jembe, anachanganya udongo. Malimi anamwagia maji.

"Ongeza," kasema Mayige.

"Yanatosha hayo," kasema Malimi.

Nimeinama tena kwenye daftari. Nisikohoe. Nikitoa neno, watakumbuka kwamba hawasemezani –