Jino la Kung'atia Kahawa

Alhamisi, Maguu. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na vichanja vya kahawa vimefunikwa vyote. Shavu langu la kulia bado zito, lakini jino lipo.

Jino lipo, ndugu zangu.

Kwa asiyenijua: hapa kijijini kahawa haiendi kwa mnunuzi kabla sijaing'ata. Tangu soko la kahawa liwe huria, kila mnunuzi anakuja na gari lake na mzani wake, na akikuta punje haijakauka anakata bei anavyotaka. Kwa hiyo watu wanaanzia kwangu. Jino likizama, rudisha kichanjani. Likikataa kuzama, uza. Kuna mwaka niling'ata punje moja nikataja aliyeianika na mvua iliyomnyeshea.

Juzi niling'ata kahawa ya Skola, mtoto wa marehemu dada yangu. Ndani yake kulikuwa na jiwe. Gego likapasuka.

Nikawaambia waliokuwepo wasihangaike, nina kadi ya bima, gego litazibwa hata kwa dhahabu.

Leo Skola akanisindikiza hospitali. Daktari akasema jino linaokoka likizibwa. Nikaenda dirisha la malipo nimeinua kadi juu kama refa.

Binti wa dirishani akaniamkia kwanza, kisha akanieleza kwamba bima yangu inalipia kung'oa. Kuziba ni mfuko wangu. Nikabisha. Nikamuuliza ni bima gani inalipia kubomoa na kukataa kukarabati. Nikamwambia mkubwa wao wa Songea nimeshakula naye nyama. Foleni nzima ikawa upande wangu, ila foleni haikuwa na hela. Binti akajibu taratibu kwamba utaratibu hakuupanga yeye, na kung'olewa naweza kung'olewa sasa hivi, bure.

Mfukoni nilikuwa na nauli tu. Nikageuka kwenda kung'olewa.

Skola akanishika koti. Akafungua pindo la kanga na kutoa hela ya kahawa yake ya kwanza, aliyokuwa anaitunza anunulie mabati.

“Mjomba, kaa. Ukibaki kibogoyo, nani atatung'atia?”

“Nitakurudishia, mwanangu.”

“Anza kwa kunyamaza mpaka nyumbani.”

Foleni ikacheka. Nami nikanyamaza, mpaka Maguu. Mwenye bodaboda ni shahidi, ingawa ganzi nayo ilisaidia.

Jioni wamekuja kuuliza kama bima ililipa. Ulimi ulishaanza kutengeneza hadithi nzuri sana. Nikaimeza. Nikasema aliyelipa ni Skola.

Daktari amekataza kitu kigumu upande wa kulia. Sawa, kahawa ya kijiji nitaing'atia kushoto. Na nikiuza yangu, hela itapita dukani kwenye mabati kabla sijanunua hata sabuni.

Sasa hivi nimejitazama kwenye kioo, nikaachama. Bati la kwanza la nyumba ya Skola limo humu mdomoni mwangu.

Asante, mwanangu.