Ufunguo Hauazimwi

Wabera, Isiolo
Jumapili

Kwa ndugu yangu mkubwa Muthomi,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la huku. Bibi na watoto hawajambo? Goti la mama limepoa? Mimi ni mzima, nimenona, na Isiolo yote inanijua.

Unakumbuka walimu walivyosema sitafika mbali. Basi sikia. Kampuni yetu ya chanjo za mifugo ilikuwa na shida: rekodi ziko kwa kompyuta ya ofisi, na madaktari wako Garbatulla na mbuzi. Nikawaambia watulie, fundi yuko. Nikaweka VPN, yaani lango moja hapa ofisini na njia ya siri ndani ya intaneti, mtu anaingia na simu yake akiwa huko malishoni. Nilijifundisha kwa video, siku tatu bila kula vizuri. Mara ya kwanza lango lilimfungia nje meneja mwenyewe, Madam Sadiya. Mara ya pili nilipigiwa makofi.

Kila mtu nilimpa ufunguo wa kuweka kwenye simu, wenye jina lake. Juzi nikaona maajabu: daktari Umuro ameingia kwa simu nne mara moja. Kumbe amewagawia ufunguo binamu zake watatu, maana kwao ndugu hanyimwi kitu kilicho mkononi. Mmoja, akidhani anasaidia, akaandika kwamba mbuzi wa mzee Sharamo wamechanjwa, na hakuna aliyeguswa na sindano. Mbuzi tuliwawahi wakiwa njiani kwenda sokoni.

Nilimfokea Umuro mbele ya watu. Nikamwambia ufunguo ni jina la mtu, hauazimwi, na anayeingia kwa jina la mwingine ni mwizi hata akifanya kazi nzuri. Akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, fundi Muthomi. Nisamehe."

Ndiyo, ndugu yangu. Hapa naitwa Muthomi. Kile cheti chako cha kompyuta ulichotafuta kwa sanduku la mama hadi ukamgombanisha yeye na shemeji, nilikibeba mimi. Kitambulisho nikasema kimepotea. Kazi ni ya mikono yangu, lakini niliingia na ufunguo wako.

Cheti kimo ndani ya bahasha hii. Kesho kabla ya chai naenda kwa Madam Sadiya kumwambia, na ufunguo wa Muthomi naufuta mbele yake. Akinitaka, atanipa mwingine. Akinifukuza, nitakuja kupalilia maharagwe ya mama, na hapo pia nitakuwa hodari kukushinda. Usinipigie simu kunizuia; ukisoma hii nitakuwa nimeshasema.

Msalimie mama, na umwombe shemeji msamaha kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina nililopewa nyumbani,

Munene