Gia Tatu za Distributa na Ufunguo wa Nyumba ya Mashine

Kosa wanalofanya watu wengi, gia ya distributa inapokwisha meno, ni kuifunga kwa gazeti ile iliyokwisha, kuipeleka dukani na kusema, "Nipe kama hii." Mwenye duka huwapa kama hiyo. Gia mpya nayo huisha kama ya kwanza, kisha watu huanza kutazamana. Swali la kwanza si gia ya zamani ilikuwaje, bali kamshafti inayoizungusha ni ya chuma gani. Jambo hili limewekwa juu ya tarehe ili hata mwanachama asiyesoma kumbukumbu hizi hadi mwisho aondoke nalo.

KIKUNDI CHA MAJI CHA GAKURUNGU, RUIRI
Kumbukumbu za kikao maalum cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, katika ofisi ya kikundi, kando ya nyumba ya mashine.

Waliohudhuria:
Bw. Kobia – Mwenyekiti
Bw. Mbae – Makamu wa Mwenyekiti
Bi. Gacheri – Mweka Hazina
Bi. Karwirwa – Mwakilishi wa wakulima wa bomba la juu
Mw. Kithaka – Katibu
Aliyealikwa: Bw. Idrisi – Mwendesha mashine

Wasiohudhuria:
Bi. Ruguru – kwa udhuru, amempeleka mkwewe hospitali
Bw. Adan – bila udhuru. Bw. Mbae alisema alimwona sokoni asubuhi akiwa mzima kabisa, akauliza anakwepa nini.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika arobaini badala ya saa tatu. Bi. Karwirwa aliongoza maombi, akamwomba Mungu amfichue mtu anayekula mashine ya watu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hayo ni ya ajenda ya nne. Bw. Idrisi, ambaye ni Mwislamu, aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Bw. Mbae aliomba jambo hilo liandikwe, na limeandikwa.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Kumbukumbu za tarehe 31 Mei zilisomwa. Bw. Idrisi alieleza kwamba pale palipoandikwa "aliombwa kukabidhi ufunguo wa nyumba ya mashine" paandikwe ukweli, kwa kuwa Bw. Mbae aliuchukua kutoka shingoni mwa Bw. Idrisi, kisimani, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji. Bw. Mbae alijibu kwamba kamba ilikuwa imechakaa, ikakatika yenyewe. Kamati ilikubaliana yaandikwe maneno "ufunguo ulichukuliwa." Kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: HALI YA MASHINE

Katibu aliombwa kueleza hali ilivyo kwa lugha ya kila mtu.

Alieleza kwamba pampu ya kikundi inaendeshwa na injini ya petroli ya silinda nane, iliyokuwa ya lori. Ndani yake kuna mhimili mrefu uitwao kamshafti, ambao hufungua na kufunga vali. Kamshafti ina meno, na meno hayo huzungusha gia ndogo iliyo mkiani mwa distributa. Distributa nayo hupeleka moto kwenye kila plagi kwa zamu yake. Meno ya gia yakiliwa, zamu huvurugika: injini hukohoa, hupoteza nguvu, na mwishowe huzima. Tena mhimili huohuo wa distributa ndio unaozungusha pampu ya oili iliyo chini. Gia ikikatika kabisa, injini hukosa oili na kufa.

Tangu Novemba gia tatu zimekwisha. Ya mwisho ilidumu wiki tisa. Siku kumi na moja sasa maji hayajafika tangi la juu. Bi. Karwirwa alisema mishiri yake, yale maharagwe mabichi ya kuuza, iko kwenye maua na ng'ombe wake wanateremshwa mtoni mara mbili kwa siku, na kwamba hakuja kufundishwa injini, alikuja kujua mwizi.

KUMB. NA. 4/6/2025: TUHUMA

Bw. Mbae alieleza kwamba gia ya chuma haiwezi kuisha kwa wiki tisa. Kwa maoni yake, gia mpya iliyonunuliwa ilikuwa ikitolewa na kuuzwa mjini Meru, kisha kuukuu ikiwekwa mahali pake. Alisema anayejua kuifungua injini hiyo ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ana ndugu wenye vibanda vya spea.

Kwa ombi la pande zote mbili, majibizano yaliyofuata yameandikwa yalivyosemwa.

Idrisi: "Mzee Mbae, ningetaka kuiba ningeiba petroli. Petroli hunywewa na gari lolote. Gia ya injini hii namuuzia nani? Iko injini ngapi kama hii Meru nzima?"

Mbae: "Unaona? Ameshahesabu wateja."

Karwirwa: "Gia tatu, Idrisi! Hata fisi hatafuni hivyo."

Idrisi: "Mama, mimi nimekunywa chai kwako miaka sita. Leo nimekuwa fisi?"

Karwirwa: "Chai nilikupa. Maji yangu yako wapi?"

Bw. Mbae alipendekeza Bw. Idrisi apelekwe mbele ya wazee akaape. Bw. Idrisi alisema yuko tayari kuapa kwa Kurani siku yoyote, mradi kila aliyewahi kushika ufunguo aape baada yake, kila mtu kwa dini yake. Pendekezo halikuungwa mkono tena. Bi. Gacheri aliuliza kwa nini ghafla watu wote wamenyamaza.

KUMB. NA. 5/6/2025: ALAMA YA SIRI

Bw. Mbae alieleza kwamba ana ushahidi. Gia ya tatu iliponunuliwa mwezi Machi, aliiomba kwa Katibu "aitazame kidogo," akaipeleka nyumbani na kuikwaruza alama mbili za msalaba upande wa ndani kwa ncha ya tupa. Hakumwambia mtu yeyote, hata Mwenyekiti. Mwenyekiti aliuliza kwa nini na yeye alifichwa. Bw. Mbae alisema hakutaka kumbagua mtu yeyote katika kushuku.

Gia iliyotolewa wiki hii ililetwa mezani, ikafutwa oili kwa kitambaa. Meno yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Bi. Gacheri aliigeuza, na upande wa ndani alama mbili za msalaba zilionekana wazi. Gia ilipitishwa kwa kila mjumbe.

Kwa hiyo ilithibitika kwamba gia iliyoliwa ndiyo ileile iliyonunuliwa, na kwamba haikubadilishwa na mtu. Bw. Mbae alisema huenda Bw. Idrisi aliiona alama akaiiga kwenye gia nyingine. Bi. Karwirwa alimwambia, "Mbae, sasa hata mimi nimechoka nawe." Bw. Mbae aliketi.

KUMB. NA. 6/6/2025: SANDUKU LA RAMANI

Likabaki swali: ikiwa hakuna aliyeiba, ni nini kinachokula gia?

Bw. Idrisi alieleza kwamba alikwisha kumulika tochi kwenye tundu la distributa, na meno ya kamshafti hayana hata mkwaruzo. Kamati ilitoka, ikaenda nyumba ya mashine, Bw. Mbae akafungua, na kila mjumbe alichungulia kwa zamu. Ilikuwa kweli. Kitu kimoja kilikuwa kikila, kingine kikiliwa.

Waliporudi, Bi. Gacheri alitaka kuona urefu wa bomba hadi tangi la juu, akatoa ramani ya mabomba katika sanduku jembamba la karatasi ngumu inamotunzwa. Ubavuni mwa sanduku palikuwa na kibandiko cha Kiingereza. Alikisoma, akakisoma tena kwa sauti. Kilisema kwamba kamshafti iliyokuwa ndani ni ya feleji, kile chuma kigumu cha kuchongwa, na kwamba isizungushe gia ya distributa ya chuma cha kumiminwa, bali ya bronzi.

Mwenyekiti alikumbuka kwamba injini ilipofunguliwa mjini mwezi Septemba mwaka jana, fundi aliiwekea kamshafti mpya ya aina nyingine. Yeye mwenyewe alilileta sanduku lake ofisini kwa kuwa lilikuwa zuri na imara. Alipoulizwa kwa nini hakuarifu kikao kwamba kamshafti imebadilishwa, alisema alieleza kuwa injini imetengenezwa, na kwamba herufi za kibandiko ni ndogo naye hakuwa na miwani. Bw. Mbae aliuliza kama hiyo ndiyo sababu yote. Mwenyekiti alisema ndiyo yote.

Bi. Karwirwa: "Na wewe, mwalimu? Miwani yako iko puani."

Katibu alikiri kwamba ni yeye aliyeiweka ramani katika sanduku hilo, kwamba limekaa mezani kwake miezi yote hiyo, na kwamba mara zote tatu ni yeye aliyebeba gia kuukuu hadi dukani na kusema, "Nipe kama hii." Gia ya mwanzo kabisa, ya chuma cha kumiminwa, ilifaa kamshafti ya mwanzo. Kamshafti ilipobadilika, kufanana na ya mwanzo ndiko kulikokuwa ubovu wa kila gia mpya.

KUMB. NA. 7/6/2025: NAMNA YA KUCHAGUA GIA

Katibu aliagizwa kuandika utaratibu ili kosa lisirudiwe.

Kwanza, ijulikane chuma cha kamshafti. Ile ya kumiminwa huwa na mwili wenye chembechembe kati ya nundu zake zinazosukuma vali, kama kitako cha jiko la chuma. Gia ya chuma cha kumiminwa huifaa. Ile ya feleji huwa imechongwa laini mwili mzima, na huitafuna gia ya namna hiyo. Pasipo uhakika, aulizwe aliyeitengeneza, si jirani.

Kwa feleji hutumika bronzi, ile ya rangi ya dhahabu iliyofifia wanayotengenezea bushi, zile pete zinamozungukia mihimili. Bronzi ni laini; hujichakaza yenyewe na kuiacha kamshafti nzima. Zipo pia gia zilizoongezwa ugumu maalum kwa kamshafti hizo, lakini zitakubaliwa tu ikiwa mtengenezaji wa kamshafti ameandika kwamba zinafaa. Kwa kuwa bronzi huisha, Bw. Idrisi ataifungua kila mwezi mbele ya mjumbe mmoja. Itakapoisha, asiitwe mtu mwizi.

Pili, tundu la gia lipimwe kwa kipimo cha fundi, si kwa jicho, maana mihimili ya distributa hutofautiana kwa unene usiofika wa ukucha. Mwinamo wa meno nao uangaliwe usiwe wa upande mwingine.

Tatu, oili yote imwagwe na chujio libadilishwe kabla ya kuwasha, kwa sababu gia tatu za unga wa chuma zimo humo. Bw. Idrisi aliongeza kwamba oili nzito iliyoagizwa na Bw. Mbae mwezi Januari iliielemea zaidi gia, kwani gia hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Bw. Mbae alisema aliagiza nzito kwa sababu nyepesi ni rahisi kuiba.

KUMB. NA. 8/6/2025: UFUNGUO

Bw. Idrisi alieleza kwamba ameitwa kazi Isiolo na ataondoka Jumatatu. Alisema kwamba ili abaki hadai samahani ya mtu, ila ufunguo urudishwe na aliyeuchukua, pale ulipochukuliwa, wanawake wa maji wakiwepo. Bila hivyo, gia ya bronzi wataitafutia mtu mwingine wa kuifunga. Bi. Gacheri aliuliza kama yupo. Hakuna aliyemtaja.

Bw. Mbae alisema ufunguo unaweza kupelekwa na Katibu. Bi. Karwirwa alisema, "Kamba ilikatika yenyewe, si ndiyo? Basi nunua kamba mpya." Kamati iliamua hivyo kwa kura nne. Bw. Mbae alikaa kimya. Ukimya wake uliandikwa kuwa amekubali. Alipinga kuandikwa hivyo, na pingamizi lake nalo limeandikwa.

Kwa kuwa hapakuwa na la zaidi, wajumbe waliinuka saa nane na robo. Bw. Mbae ndiye aliyetoka wa mwisho, baada ya kuligeuza sanduku la ramani pande zote nne.

Sahihi: ........................ Bw. Kobia, Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Mw. Kithaka, Katibu

La kufanya leo: Bw. Mbae aurudishe ufunguo kwa Bw. Idrisi, kisimani, saa kumi na moja jioni, wanawake wanapokuja kuteka maji.